Jana Ulikula na Nani

Kakuma, 4 Februari 2025

Kwako Akidor,

Ejok. Sijui kama mchumi mkuu husalimiwa hivyo, lakini neno hilo la Kiturkana ulinifundisha wewe mwenyewe, kwa hiyo ukiona nimekukosea adabu jilaumu.

Redio imetaja jina lako mara tatu wiki hii. Wamesema binti wa Lodwar amekuwa mchumi mkuu wa ile Taasisi kubwa ya maendeleo, kwamba anakuja nyumbani kupokewa na kaunti, na kwamba atakaa mwezi mzima na zaidi akiandika ripoti. Mtangazaji alikuita mama wa takwimu. Nilicheka peke yangu mpaka wanafunzi wakanitazama. Mimi namkumbuka msichana aliyekuja hapa mwaka wa 2011 na viatu vizuri vya ngozi, vikabaki kwenye matope ya laga, ule mto wa msimu, siku ya pili, akazunguka kambi nzima na patipati za kuazima akiuliza watu habari za chakula, na mimi nyuma yake nikitafsiri. Ulikuwa ukiniita Mwalimu kwa kunidhihaki, maana sikuwa nimefundisha hata siku moja. Sasa nafundisha darasa la nne, watoto tisini na sita. Dhihaka yako ilishika.

Barua hii nampa Emuria, yule wa gari la Probox anayepeleka vifurushi huko Lodwar. Anasema anaijua nyumba ya marehemu baba yako pale Nawoitorong.

Nina jambo moja dogo. Kuna mama mzee, jirani yangu, ambaye mgao wake wa chakula ulikatwa Novemba. Ameambiwa yuko kundi la nne, yaani watu wanaojimudu. Akidor, mama huyu hana duka, hana mbuzi, hana mtoto Ulaya. Ana magoti mabovu tu. Tulipouliza tuliambiwa makundi yalipangwa na kompyuta ya Taasisi. Kwa kuwa wewe sasa ndiye mkubwa wa hiyo kompyuta, nimeona nikuulize.

Nilioa baada yako kuondoka. Mke wangu, mama yake Agot, alifariki miaka minne iliyopita. Nilianza kukuandikia wakati ule, nikaiacha ile barua katikati.

Kuot Manyok


Lodwar, 9 Februari 2025

Mwalimu,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimekalia ndoo niliyoipindua, kwa sababu viti vya baba viliazimwa kwa harusi ya mtu na havikurudi. Pole sana kwa mama Agot. Ningependa ile barua ungeimalizia.

Acha nikuambie kazi hii ni nini, maana hata shangazi yangu Apua, aliyetoka Kaaleng kuja kunisalimu, alidhani nimepewa funguo za ghala. Sina ghala. Mchumi mkuu hagawi hata kilo moja ya unga. Kazi yake ni kusema katika hesabu zote hizi lipi ni kweli na lipi si kweli, kisha wengine wanaamua. Nikisema jambo, nchi arobaini zinalirudia. Nikinyamaza, wanachukua kwamba nimekubali. Ni kazi ya kukaa chumba kizuri, mlango umefungwa, ukisoma yaliyoandikwa na watu wanaokuogopa.

Nilidhani nyumbani kutakuwa tofauti. Jana kaunti walinichomea mbuzi. Watu ishirini walikaa upande wa pili wakingoja nianze, nikala nikitazamwa, kisha wakaaga mmoja mmoja wakiniita mheshimiwa, kila mmoja akiniachia bahasha yenye vyeti vya mtoto wake. Kiturkana changu kimepata kutu. Apua ananijibu polepole, kwa sauti kubwa, anavyojibiwa mgeni.

Sheria yetu hainiruhusu kukutana na mtu wa kambini mwenye malalamiko wala kuzungumza naye kwa simu, yeye au jirani yake, mpaka malalamiko yaishe. Gari ninalotumia lina kitabu cha safari. Barua ya mkono hakuna aliyekumbuka kuikataza, kwa hiyo tumtumie Emuria.

Sasa nijibu swali moja. Huyo mama alipohojiwa mwaka jana aliulizwa, "Jana ulikula na nani?" Alisema nini?

Akidor


Kakuma, 12 Februari 2025

Akidor,

Alisema, "Peke yangu." Aliyeuliza alikuwa kijana kutoka Eldoret mwenye tableti, na aliyetafsiri alikuwa Mkongo mwenye Kiarabu cha Juba cha kubahatisha. Lakini kosa si lao. Mama alisema kweli.

Mwongo ni mimi. Si jirani. Ni mama mkwe wangu, Nyibol, mama wa marehemu mke wangu. Tunaishi ua mmoja watu wanne: yeye, mimi, Agot wa miaka kumi na mmoja, na mdogo wake Anyang wa miaka sita. Niliona haya kuliandika jina lake pamoja na neno njaa.

Wakati ule tulipokuwa tukizunguka sikuwa nimeoa, ndiyo maana hili hukuliona kwangu. Kwetu sisi Wadinka, mwanamume na mama wa mke wake hawaonani wakila. Kutafuna mbele ya mkweo ni kama kuvua nguo mbele yake. Iko siku ya kuiondoa heshima hiyo, ambapo ng'ombe anachinjwa na wazee wa pande zote mbili wanakaa. Ila mkimbizi haruhusiwi kufuga ng'ombe hapa, na mke wangu ambaye angeifanya siku hiyo iwe na maana amekufa. Basi heshima imebaki pale pale.

Tunaishi hivi. Nyibol anapika sufuria moja nyuma ya nyumba, nyuma ya turubai alilolitundika yeye. Agot ananiletea bakuli langu mbele. Mimi ninakula, natoka kwenda kutembea, kisha yeye anakula. Hata kuzungumza, hatuzungumzi ana kwa ana. Tuko hatua saba, ananisikia vizuri kabisa, lakini atasema, "Agot, ambia baba yako mvua inakuja." Agot atasimama katikati ya ua aniambie mvua inakuja, nami nitamwambia amwambie haboba, yaani bibi yake, nimesikia. Watoto wanatucheka. Miaka kumi na miwili tumeishi hivyo, na sijawahi kumwona mama huyo akimeza tonge. Sina mtu mwingine aliye hai ninayemheshimu kama yeye.

Tangu Novemba unga unaokuja ni wa watu watatu. Bakuli langu halijapungua. La watoto halijapungua. Juzi Agot alikuwa akiosha vyombo, akaniambia, "Baba, bakuli ya haboba haina kitu ya kuosha." Nikamuuliza tangu lini. Akasema, "Tangu Krismasi."

Siwezi kwenda nyuma ya turubai kuangalia. Nilirudisha nusu ya chakula changu, likarudi bakuli limejaa tena na ujumbe kwamba mwalimu hafundishi na tumbo tupu. Asubuhi namwona kwa mbali akitoka bombani, anapumzika mara tatu njiani na ndoo ya lita kumi. Naogopa, Akidor. Atakufa hatua saba kutoka kwangu na mimi nitakuwa wa mwisho kujua.

Kuot


Lodwar, 16 Februari 2025

Mwalimu,

Swali lile ni langu. Nililiandika mimi mwaka ule, wewe ukalitia katika Kidinka na Kiarabu. Nilitaka njia fupi ya kujua nani ni kaya moja na nani, bila kuuliza watu ukoo wao na ndoa zao. Wanaokula pamoja ni kaya moja, basi. Swali hilo lilinipa shahada, likanipa kazi, likanipa kazi kubwa kuliko ile, na mwezi uliopita likanipa ofisi hii. Linatumika nchi sita. Wanalisifu kwa ufupi wake.

Nimeomba hesabu za Kakuma na kuzipitia mwenyewe kwa siku mbili. Hivi ndivyo ilivyokuwa. Kompyuta iliwatazama watu wote waliosema wanakula peke yao, ikaona wengi ni vijana wa kiume: wa bodaboda, vinyozi, wenye vibanda vya kuchaji simu. Hao wana kipato. Ikajifunza kwamba anayekula peke yake anajimudu. Halafu ikamkuta Nyibol nyuma ya turubai lake, ikamweka pamoja na vinyozi.

Si yeye peke yake. Wanawake waliopita miaka hamsini na mitano, waliosema wanakula peke yao na kukatwa, ni mia nne na kumi na wawili. Wangapi kati yao wanakula peke yao kwa heshima na wangapi kwa sababu kweli hawana mtu, sina njia ya kujua nikiwa hapa. Nimekaa na orodha hiyo nikisoma majina. Sijawahi kufanya hivyo. Huwa naletewa jumla tu.

Nitawaandikia makao makuu wiki hii. Lakini kuna njia ya haraka zaidi kwa Nyibol. Ipo fomu ya kusahihisha kaya. Mkuu wa kaya anasaini kwamba fulani anakula pamoja naye, afisa wa mgao anagonga muhuri, na jina linarudi baada ya siku kumi. Ni ukurasa mmoja. Isaini, Mwalimu.

Akidor


Kakuma, 19 Februari 2025

Akidor,

Siwezi.

Nimeiona hiyo fomu. Juu imeandikwa kwa herufi kubwa WANAOKULA PAMOJA, kisha mistari ya majina. Kuliandika jina lake chini ya langu hapo ni kusema mbele ya ulimwengu kwamba mama huyu alinitazama nikila na mimi nikamtazama. Watu watasema binti yake alizikwa akasahauliwa, ndiyo maana mama hana tena haya na mkwe wake.

Nilimuuliza, kwa njia yetu. Nilimwambia Agot amwambie kuna karatasi inayoweza kurudisha unga, na inasemaje.  Nyibol akasema, "Agot, ambia baba yako njaa mimi najua tangu niko mtoto kule Bor. Hiyo kitu ingine sijui, na sitaki kujua."

Je, hakuna fomu inayouliza tu chakula kilitoka sufuria ya nani? Hiyo ningeisaini hata kwa vidole vyote kumi.

Kuot


Lodwar, 26 Februari 2025

Mwalimu,

Fomu haibadiliki mpaka swali libadilike, na swali halibadiliki mpaka barua yangu isomwe. Barua nimeshaituma. Taasisi inatembea polepole, itachukua wiki nyingi. Niambie kama Nyibol anazo.

Nikueleze kitu ambacho sijamweleza mtu. Mama yangu alifia katika nyumba hii ninayoandikia, na mimi nikiwa mbali. Nilikuwa nikimpigia simu kila Jumapili. Swali la kwanza lilikuwa lile lile kila mara, "Mama, umekula?" Naye anasema, "Nimekula." Baada ya mazishi, Akai, nesi aliyekuwa akimtazama, aliniambia mama aliacha kula wiki mbili kabla. Aliona nina kazi nyingi. Mimi ninayeuliza nchi sita watu walikula na nani, mama yangu mwenyewe alinidanganya kwa neno moja na nikakata simu nikiwa nimeridhika. Kwa hiyo unisamehe nikisema wazi: heshima ya Nyibol ni kitu kizuri, lakini itamzika.

Fomu ikishagongwa muhuri inakwenda kwenye faili na faili inakwenda kabatini. Hakuna atakayeisoma. Hatajua yeye, hawatajua majirani. Nakuahidi hilo, na mimi ndiye ninayejua karatasi za Taasisi zinavyokwenda.

Usiku watu wakiondoka ninasikia popo tu kwenye dari. Nimeanza kungoja mlio wa gari la Emuria. Usimwambie, atapandisha bei.

Akidor


Kakuma, 4 Machi 2025

Akidor,

Jana Nyibol alianguka karibu na bomba. Wanawake walimwinua, akawaambia ni jua.

Nimesaini leo. Afisa wa mgao anaitwa Ngugi, kijana mpole, aligonga muhuri bila kuinua macho. Nyumbani nimesema nilikwenda kufuata chaki. Ni mara ya kwanza kumtuma Agot apeleke uongo ng'ambo ya ua, na aliupeleka vizuri, neno kwa neno.

Kuot


Lodwar, 14 Machi 2025

Mwalimu,

Leo zimetimia siku kumi, unga utakuwa umefika. Jana nilimwona Emuria stendi nikamuuliza, akasema kulikuwa na foleni ndefu ya mgao Kakuma. Nimefurahi peke yangu siku nzima. Nilimpikia Apua chai akaniuliza kama nimepata mchumba.

Sasa nina mawili ya kukiri, na nayakiri kwa kuwa Nyibol amekula.

La kwanza. Nilikuambia mwezi uliopita kwamba barua nimeshaituma makao makuu. Sikuwa nimeituma. Ilikuwa imeandikwa, iko hapa mezani. Bodi ilikuwa ikutane tarehe saba kupiga kura mpango huu uende nchi nyingine sita, na mkurugenzi aliniomba kwa upole sana ningoje kura ipite. Alisema mchumi mkuu wa mwezi wa kwanza haanzi kazi kwa kusema swali lililompandisha cheo ni bovu. Nikangoja. Kura imepita. Niliituma jana, nikijua kwamba sasa ni rahisi kuisoma na kuiweka pembeni. Nimeandika wazi ni kosa langu na nimeomba wale mia nne na kumi na wawili warudishiwe mgao wakati tunauliza upya. Wanaweza kuniondoa. Nashangaa kwamba siogopi kama nilivyodhani.

La pili ni la zamani. Karatasi ya kwanza kabisa ilikuwa na maswali mawili. Baada ya kuuliza mtu alikula na nani, tulikuwa tuulize chakula kilitoka sufuria ya nani. Hilo la pili nililikata mimi, ili karatasi iwe ukurasa mmoja, kwa sababu profesa wangu alipenda kurasa moja moja. Ulipoandika kuhusu sufuria nilidhani unanisuta. Kisha nikaona hukumbuki, nikashukuru, nikanyamaza.

Ninaondoka Jumatano. Jana nilimwambia dereva anipeleke Kakuma, dakika kumi tu. Akafungua kitabu cha safari akaniuliza aandike sababu gani. Nikamwambia ageuze, tukarudi kabla hatujatoka mjini.

Msalimie Nyibol kwa njia yenu.

Akidor


Kakuma, 18 Machi 2025

Akidor,

Barua yako nimeipata jana. Unga ulifika Alhamisi, siku moja kabla hujaandika. Emuria hakukudanganya, foleni ilikuwa ndefu.

Ilikuwa ndefu kwa sababu kaya zilizosahihishwa ziliitwa kwa kipaza sauti, ili watu waje mbele wathibitishe. Ni utaratibu mpya. Ngugi alisoma orodha kama ilivyoandikwa, kuanzia juu. Alisema, "Wanaokula pamoja." Kisha akasema, "Kuot Manyok. Nyibol Ajak. Agot Kuot. Anyang Kuot." Akarudia, kwa sababu hakuna aliyekwenda mbele. Mimi nilikuwa darasani, niliambiwa baadaye. Nyibol alikuwa kwenye foleni ya wanawake, ameshika gunia tupu, na wanawake wetu wa kutoka Bor mbele yake na nyuma yake. Mmoja alicheka. Wengine walinyamaza, na nadhani kunyamaza kule ndiko kulikomuumiza. Kijana hana kosa.

Alikwenda mbele. Aliweka kidole gumba. Alibeba unga wa watu wanne mpaka nyumbani, akapika, akamtuma Agot na bakuli langu kama siku zote. Lilikuwa limejaa hadi juu. Nililila nikifurahi, kwa sababu nilikuwa sijaambiwa.

Ijumaa asubuhi watoto walikuwa wametangulia shuleni. Nilikuwa mbele ya nyumba nikifunga kamba za viatu. Sauti yake ikaja kutoka nyuma ya turubai. Alisema, "Baba Agot, mimi nakwenda."

Hakumwita Agot. Aliniambia mimi. Miaka kumi na miwili, na hilo ndilo neno lake la kwanza kwangu. Ilikuwa kama kuambiwa kwamba kilichokuwa kati yetu kimekwisha, kwamba sasa mimi ni mtu yeyote tu wa barabarani. Na mimi, Akidor, niligeuka kumtafuta Agot nimpe jibu apeleke. Nilitazama kila upande wa ua. Nilikuwa na maneno. Nilitaka kusema usiende, nilitaka kusema nisamehe, nilitaka kusema nilisaini kwa sababu nilikuona ukipumzika na ndoo. Yalikuwa mdomoni kabisa. Sikujua mtu anayasemaje bila mtoto katikati. Nikabaki nimeshika kamba ya kiatu mpaka nikasikia bati la mlango wa nyuma.

Ningesema nilidhani anakwenda bombani, lakini tumeshadanganyana vya kutosha. Nilijua. Nilipopata miguu nikafika barabarani, lori la Lokichoggio lilikuwa limeondoka. Emuria amenisaidia kuulizia. Alionekana mpakani Nadapal Ijumaa hiyo alasiri, akivuka na wanawake wengine, na mfuko mmoja. Anarudi Bor, ambako nyumba yao ilichukuliwa na mafuriko. Mimi nikivuka mpaka huo sirudi tena kuwa mkimbizi, na watoto hawana mtu mwingine. Kwa hiyo niko hapa.

Kuhusu swali la pili, nilikumbuka. Nililitafsiri mimi, nitasahau vipi? Nilikuona ukilikata kwa kalamu nyekundu pale kantini. Nilijua ndilo lenyewe, hata kabla sijawa na mkwe, kwa kuwa niliona mama yangu alivyokuwa akila. Sikusema kitu. Ulikuwa umefurahi kwamba karatasi imetosha ukurasa mmoja, na mimi nilipenda kukuona umefurahi. Hilo nalo nililianza katika ile barua niliyoiacha katikati. Sasa unajua, na haina kazi tena.

Mimi sikulaumu peke yako. Lakini wasomee hao wakubwa wako majina, yale mia nne na kumi na moja yaliyobaki. Usiwape jumla.

Tafadhali mwambie anayehusika apunguze jina moja kwenye kaya yangu, nisije nikachukua unga wa mtu asiyekuwepo. Tuko watatu. Jumapili nilipika mimi. Tulikaa uani mchana, mimi na Agot na Anyang, tukala sinia moja, hakuna aliyejificha. Nilipomaliza niliinuka, nikanawa, nikatoka kwenda kutembea, kama nilivyofanya kila siku kwa miaka yote hiyo ili na yeye apate nafasi ya kula. Nilikuwa nimefika barabarani ndipo nikakumbuka kwamba hakuna anayengoja niondoke.

Kuot